Kiwanja tumekipenda, lakini udongo wake utakubali septiki?

SWALI

Mwalimu, shikamoo.

Mimi na mume wangu tunaishi North Carolina na watoto wetu watatu. Tumepanga nyumba Durham kwa miaka, na kila mkataba unapokwisha kodi inapanda. Sasa tumepata kiwanja mashambani, mwendo wa chini ya saa moja kutoka mjini. Ni ekari moja na nusu, kina miti upande wa barabara na uwazi mzuri nyuma, na lami inafika mpaka mlangoni. Bei ni dola 68,000. Bomba la maji taka la mji halifiki huko, kwa hiyo tutahitaji septiki yetu, na maji ya kunywa yatatoka kwenye kisima chetu wenyewe.

Mkataba wa kununua tumeshausaini. Muuzaji tumempa dola 2,000 za ada ya uchunguzi, zile zisizorudishwa, na arubuni ya dola 1,000 iko kwa wakili. Muda wa uchunguzi unakwisha baada ya wiki nne. Hapo ndipo usingizi umeniruka, maana kila ninayemuuliza ananijibu lake.

Muuzaji anasema kiwanja "kilipimwa zamani na kikapita", miaka ya tisini huko, lakini karatasi haioni. Anaongeza kwamba jirani ana septiki na hajawahi kulalamika. Dalali wetu anasema tusijichoshe, tununue kwanza na kibali tukiombe baadaye, kwa kuwa kaunti hutoa vibali kila siku. Mkandarasi wa kwanza alituambia kwa simu kwamba septiki ya nyumba ya vyumba vinne ni dola 9,500 na kazi ni ya siku chache. Wa pili alikuja mwenyewe, akachimba kidogo kwa koleo, akaviringisha udongo mkononi, akanyamaza, halafu akasema tujiandae kwa dola 30,000 au zaidi, na kwamba yeye si wa kutuhakikishia kama itawezekana kabisa. Mume wangu anaona huyu wa pili anataka kutula. Anasema hata ikishindikana tutachimba shimo refu kama yaliyoko nyumbani, na maisha yataendelea.

Nyumba tunayoitaka ni ya vyumba vinne, kwa sababu mama mkwe anakuja kuishi nasi. Naomba unieleze, mwalimu: udongo una nini hasa hadi uzidishe bei mara tatu? Kibali kinaombwa lini na kwa nani? Tutenge kiasi gani? Na shimo la mume wangu linawezekana?

Mama wa Watatu, North Carolina

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na kalenda kabla ya udongo, kwa sababu wiki nne ulizobakiwa nazo zina thamani kuliko kitu kingine chochote ulichonitajia.

Katika mkataba wa kawaida wa jimbo lenu, ndani ya muda wa uchunguzi mnunuzi anaweza kujitoa kwa sababu yoyote au bila sababu. Akijitoa, hupoteza ile ada ya uchunguzi na kurudishiwa arubuni. Siku ya mwisho ikipita, arubuni nayo inaingia hatarini. Na mkishatia saini za mwisho mbele ya wakili, kiwanja ni chenu kikubali nyumba au kikikataa. Kwa hiyo dalali anayekwambia ununue kwanza anakupa ushauri ambao hasara yake, ikitokea, itabebwa na nyinyi peke yenu. Simwiti mtu mbaya. Lakini yeye hulipwa mauzo yakikamilika, na nyinyi ndio mtakaobaki na ardhi. Ekari moja na nusu isiyoweza kupata kibali cha septiki, mahali pasipo na bomba la mji, ni shamba la miti kwa bei ya kiwanja cha nyumba.

Kesho asubuhi fanyeni mambo mawili kwa wakati mmoja. Mmoja wenu aende idara ya afya ya kaunti ambako kiwanja kipo, aulize kitengo cha afya ya mazingira, ajaze ombi la kukaguliwa kiwanja. Wataomba mchoro unaoonyesha mipaka, mahali pa nyumba, njia ya gari, kisima, na idadi ya vyumba vya kulala. Ada hutofautiana kaunti na kaunti. Akiwa hapo aombe faili la kiwanja hicho na la jirani. Ni kumbukumbu za umma, na kama kweli kilipimwa miaka ya tisini, alama ya kazi hiyo inaweza kuwa humo. Pia aulize foleni ya ukaguzi ina urefu gani. Katika kaunti zinazojengwa kwa kasi, foleni hiyo inaweza kuzidi wiki zenu nne, na hapo ndipo jambo la pili linapoingia: mwingine wenu ampigie simu mtaalamu wa udongo mwenye leseni ya jimbo. North Carolina ina bodi inayotoa leseni hizo. Mchague asiye na uhusiano na mkandarasi yeyote wa septiki, mwambie muda wako unaisha lini, na umtake ripoti ya maandishi. Atakutoza mamia ya dola, pengine ikafika elfu na zaidi. Lipa. Katika fedha zote utakazotumia kwenye nyumba hii, sijui nyingine inayonunua usalama mwingi hivyo kwa bei ndogo hivyo.

Sasa udongo. Wengi hudhani tangi ndilo linalosafisha maji taka, na udongo ni mahali pa kuyamwaga tu. Ni kinyume chake. Ndani ya tangi mafuta yanaelea, uchafu mzito unazama, na bakteria wasiohitaji hewa wanaumeng'enya kidogokidogo. Maji yanayotoka tangini kwenda kwenye mitaro iliyochimbwa ardhini yanaweza kuonekana mepesi, lakini bado yamejaa vijidudu vya magonjwa na naitrojeni. Kazi ya kuyasafisha inafanywa na udongo ulio chini ya mitaro: unachuja, unashika virusi, na viumbe wake wanaohitaji hewa wanakula kilichobaki. Sharti ni kwamba udongo huo uwe mkavu kiasi cha kuwa na hewa, na uwe na kina cha kutosha kabla ya kufikia mwamba au maji ya ardhini. Kwa mfumo wa kawaida, kanuni zenu hutaka futi moja hadi moja na nusu ya udongo mzuri chini ya mtaro, kutegemea aina yake. Udongo ukijaa maji majira ya baridi, maji taka hayasafishwi. Yanapanda juu kwenye majani, au yanakwenda kisimani.

Mkaguzi atakapokuja atatoboa mashimo au kuchimba handaki fupi, kwa kawaida hadi kina cha futi nne, na atasoma ukuta wake tabaka kwa tabaka. Huko kwenu watu bado wanasema kiwanja "kimepita perc", wakimaanisha jaribio la kumwaga maji shimoni na kupima yanashuka kwa dakika ngapi kila inchi. Majimbo mengine bado yanalitumia. North Carolina huamua kwa kusoma udongo wenyewe, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia bora, maana shimo lililojaribiwa Agosti kavu linaweza kumeza maji ambayo Februari lingeyatapika. Rangi haisahau. Mkaguzi akikuta madoa ya kijivu ndani ya udongo wa njano au mwekundu, anajua maji husimama hapo sehemu ya mwaka hata kama siku hiyo pamekauka kabisa: hewa ilipokosekana, chuma kilichoupa udongo rangi kiliyeyuka na kuondoka.

Na hapa nimtetee kidogo yule mkandarasi wa pili. Kuviringisha udongo mkononi si maigizo. Ndivyo kazi inavyofanywa: unaulowesha, unaukanda kama unga wa chapati, kisha unausukuma kwa kidole gumba uone utepe unatoka mrefu kiasi gani kabla ya kukatika, na kama unanata vidoleni. Udongo wa kichanga haufanyi utepe. Tifutifu hufanya mfupi. Mfinyanzi hutoa mrefu. Lakini si kila mfinyanzi ni adui, na hili ni muhimu sana katika ukanda wenu wa Piedmont. Ule mwekundu uitwao Cecil, ambao huhesabiwa kuwa udongo wa kuliwakilisha jimbo la North Carolina, ni mfinyanzi, ila chembe zake zimeshikana katika vibonge vinavyopitisha maji, na nyumba nyingi mno zinautegemea bila shida. Karibu na Durham kuna bonde la kijiolojia la kipindi cha Triasiki, na humo kuna mfinyanzi wa namna nyingine kabisa, kama ule uitwao White Store. Huo huvimba ukilowa na kujifunga, hupasuka ukikauka, na hukataa maji wakati uleule unapotaka uyapokee. Aina hizi mbili zinaweza kukutana ndani ya umbali mdogo. Ndiyo maana septiki ya jirani haikuthibitishii kitu. Jirani anaweza kuwa upande mmoja wa mpaka wa udongo na nyinyi upande wa pili, au mfumo wake ukawa wa zamani, ulioruhusiwa kwa kanuni za wakati ule.

Leo usiku unaweza kuangalia mwenyewe ramani ya udongo ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, Web Soil Survey. Ni bure mtandaoni. Chora mipaka ya kiwanja chako, utaona majina ya udongo uliopo na tathmini ya kufaa kwake kwa septiki. Ukikuta neno kali humo usilie, na ukikuta zuri usisherehekee. Ramani ile huchorwa kwa maeneo mapana, na doa dogo la udongo mzuri au mbaya linaweza lisionekane. Itumie kujua la kumuuliza mtaalamu.

Umeuliza udongo unawezaje kuzidisha bei mara tatu. Tupige hesabu. Kanuni za jimbo, zile zilizoanza kutumika Januari 2024, huhesabu galoni 120 za maji taka kwa siku kwa kila chumba cha kulala. Nyumba yako ya vyumba vinne ni galoni 480, uwe na choo kimoja au vitatu. Udongo wa kichanga unaweza kupewa galoni 0.8 au zaidi kwa kila futi ya mraba ya mtaro kwa siku. Mfinyanzi uliokubalika hupewa kati ya 0.1 na 0.4. Kwa 0.8 unahitaji futi za mraba 600, yaani futi 200 za mtaro wenye upana wa futi 3. Kwa 0.2 unahitaji futi za mraba 2,400: futi 800 za mtaro. Nyumba ni ileile, familia ileile, tangi karibu lilelile, lakini uchimbaji umekuwa mara nne.

Bado hatujamaliza, kwa sababu mitaro hiyo haibananishwi. Ikiwa na upana wa futi 3, kutoka katikati ya mmoja hadi katikati ya wa pili huachwa futi 9. Futi 800 zinakula kama futi za mraba 7,200 za ardhi. Kisha kaunti hudai eneo la akiba, la kuchimba mfumo mwingine huu ukichoka siku moja, na kwa mfumo wa namna hiyohiyo eneo linakuwa maradufu: futi za mraba 14,400, karibu theluthi ya ekari, ambayo hairuhusiwi kujengwa wala kuegeshwa gari. Hapo ondoa nyumba, njia, miteremko mikali, mifereji ya maji na nafasi zinazotakiwa kutoka kwenye mipaka. Ondoa pia duara la kisima. Kanuni za visima zinaanzia futi 100 kutoka kwenye tangi na mitaro, ingawa kwa nyumba ya familia moja zinaweza kushuka hadi 50 kiwanja kikibana. Ekari moja na nusu iliyoonekana pana inaanza kukunjamana. Na theluthi hiyo lazima iangukie palipo na udongo unaofaa, si popote mnapopenda.

Kwa hiyo chumba kimoja cha kulala kina uzito. Kwa mfinyanzi wa 0.2, nyumba ya vyumba vitatu inahitaji futi 600 za mtaro badala ya 800. Kuna watu watakaokushauri uandike vyumba vitatu na kimoja ukiite ofisi. Usifanye hivyo. Mama mkwe atalala humo, ataoga, nguo zake zitafuliwa, na udongo utapokea maji ya watu sita. Mnapoomba, ombeni vinne kwa uwazi. Udongo ukikataa vinne na kukubali vitatu, hapo mnakaa chini kama familia na kuamua mkijua mnachokiamua.

Pale mitaro ya kawaida isipotosha au kina cha udongo kinapokuwa kifupi, kuna njia nyingine, na ndizo zinazopandisha bei. Maji yanaweza kupandishwa kwa pampu hadi sehemu bora ya kiwanja, na hapo unaongeza tangi la pampu, umeme na kengele ya tahadhari. Mfumo unaweza kuinuliwa juu kwa udongo ulioletwa kwa malori. Au maji yanaweza kusafishwa zaidi na mtambo kabla ya kufika ardhini, kisha yakatolewa taratibu kwa mabomba membamba ya matone. Mifumo hii inafanya kazi, siipingi. Ila ule wa mtambo na matone si wa kufunga na kusahau. Kanuni hudai uwe na mwendeshaji mwenye cheti anayeukagua kwa mkataba, mwaka baada ya mwaka, na gharama hiyo hukaa na nyumba maadamu nyumba ipo. Mkandarasi anaweza asikwambie hilo siku ya makadirio. Wewe muulize.

Naamini wakandarasi wako wawili hawakupingana. Wa kwanza alitaja bei ya mfumo mwepesi kabisa kwenye udongo mwema ambao hajauona. Wa pili aliuona udongo. Hakuna kati yao aliyekuwa na mchoro uliopitishwa, kwa hiyo bei zote mbili ni za kukisia, na usizilinganishe mpaka wote wapewe karatasi moja ya kaunti yenye aina ya mfumo, urefu wa mitaro na kina chake. Makadirio yaandikwe yakitaja tangi, pampu, fundi wa umeme, udongo wa kuletwa kama upo, kusawazisha na kupanda majani baada ya kazi, ada za vibali, na nani atalipa wakikutana na mwamba. Hilo la mwamba limevunja bajeti za watu wengi.

Tutenge kiasi gani, umeuliza. Kabla ya ripoti ya udongo, tengeni kwa bei ya yule wa pili na mzidishe kidogo. Ikiwa dola 30,000 na ushei zitaua mpango mzima wa nyumba, basi mnajua tayari kwamba hamwezi kununua kiwanja hiki bila kibali mkononi. Ripoti ikija njema, fedha zitarudi kwenye paa na jiko. Kwa kulinganisha tu, Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, EPA, hutaja dola 5,000 hadi 15,000 kwa kukarabati au kubadilisha mfumo wa kawaida ulioharibika, na dola 250 hadi 500 kwa matunzo ya kila miaka mitatu hadi mitano, yaani kuita gari la kunyonya tangi na kukaguliwa. Hayo matunzo yaandike kwenye bajeti ya nyumba tangu mwaka wa kwanza. Wanaoyaruka hulipia mitaro iliyoziba tope.

Kuhusu vibali, huko kwenu viko vitatu na vina mpangilio. Cha kwanza, Improvement Permit, kinasema kiwanja hiki kinafaa, kwa nyumba ya ukubwa huu, mahali hapa. Cha pili, Construction Authorization, kinaruhusu mfumo ujengwe, na bila hicho hupati kibali cha kujenga nyumba. Cha tatu, Operation Permit, hutolewa mkaguzi akishauona mfumo uliokamilika, na umeme wa kudumu hauunganishwi kabla yake. Wewe kwa sasa unapigania cha kwanza tu. Hicho ndicho unachotaka kiwe mezani kabla ya kutia saini ya mwisho. Kikitolewa kwa mchoro wa kawaida wa kiwanja hudumu miaka mitano. Kikitolewa kwa ramani rasmi ya mpimaji hakina mwisho, almuradi kiwanja hakijabadilishwa. Kwa hiyo maneno ya muuzaji kuhusu miaka ya tisini yanaweza kuwa ya kweli na bado yasikusaidie. Mwombe karatasi, au itafute kwenye lile faili la kaunti. Isipopatikana, hesabu kwamba hakijapimwa.

Jambo moja ambalo watu hulijua wakiwa wamechelewa: msiruhusu trekta wala tingatinga kugusa sehemu ya nyuma kabla ya ukaguzi, hata kama mna hamu ya kufyeka. Udongo ukikandamizwa na magurudumu mazito, au tabaka la juu likikwanguliwa, kilichokuwa kinafaa kinaweza kuacha kufaa, na kibali kilichokwisha kutolewa kinaweza kufutwa. Mkaguzi akihitaji njia, fyekeni kwa mkono.

Sasa shimo la baba wa watoto. Mweleze kwa upole, kwa sababu wazo lake halitoki kwenye ubishi. Mashimo yametusitiri wengi wetu tulikokulia. Lakini choo cha shimo kikavu ni kitu kimoja, na galoni mamia za maji ya choo, bafu na mashine ya kufulia zikimiminwa kila siku kwenye shimo refu ni kitu kingine. Shimo refu huyapitisha maji chini ya tabaka lenye hewa, lile linalosafisha, na kuyasogeza karibu na maji ya ardhini. Nanyi mtakunywa maji ya kisima kilekile. Naitrati, inayotokana na ile naitrojeni ya maji taka, haina rangi, haina harufu, haiondoki kwa kuchemsha, na kwa mtoto mchanga anayetengenezewa maziwa kwa maji hayo ni hatari ya kweli, kwa kuwa huizuia damu yake kubeba oksijeni. Sheria ya jimbo nayo haikubali. Shimo halipati kibali cha tatu, na bila hicho nyumba haipati umeme. Kwa hiyo hapana, haliwezekani, na hata lingewezekana nisingetaka wajukuu wa mama mkwe wako wanywe karibu nalo.

Ripoti ya mtaalamu ikitoka mbaya, bado kuna nafasi ya kuzungumza. Unaweza kumrudia muuzaji na karatasi mkononi umwambie bei ipungue kwa kiasi cha mfumo wa gharama. Mnunuzi mwingine yeyote makini atakutana na udongo uleule, na yeye analijua hilo. Kama jirani ana udongo mzuri mpakani, anaweza kukuuzia haki ya kudumu ya kuweka mitaro kwenye sehemu ya ardhi yake, iandikishwe rasmi pamoja na hati. Hii huchukua muda na wakili, lakini imeokoa viwanja. Au mnapunguza nyumba. Kama haya yote hayasimami, mnaondoka.

Na kama ripoti imechelewa? Mapema, wiki moja nzima kabla ya tarehe ya mwisho, mtake dalali aandike ombi la kuongezewa muda wa uchunguzi, na muuzaji alisaini. Ahadi ya simu haihesabiki. Muuzaji anaweza kudai ada nyingine kidogo kwa muda huo. Ikiwa ni ndogo na mtaalamu wako ameshapangiwa siku, ningelipa. Akikataa kabisa kuongeza, na huna ripoti wala kibali, jitoe kwa maandishi kabla saa haijagonga. Mtapoteza zile 2,000, na zitauma, najua zilivyopatikana. Lakini 68,000 zitabaki nanyi, na kwa ombi la kiwanja kijacho muulize muuzaji swali la kibali kabla hamjatoa hata dola moja.